Daftari, Undugu na Mtaji: Nani Kamwangusha Mjasiriamali?

Desemba 2018 Rais John Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo wakawagawie watu wao. Kimoja kilikuwa shilingi 20,000, na aliyestahili kukichukua ni yule ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni nne. Muuza karanga wa stendi, mama lishe, fundi viatu na kijana anayetembeza mashati begani, wote wakawa wajasiriamali wenye namba. Lakini jina hilohilo anaitwa mwenye kiwanda cha kusindika unga, anaitwa mkurugenzi wa kampuni inayokopesha taa za sola vijijini, na wanaitwa akina mama wanaokusanya taka mtaani ili wawalipie yatima ada.

Lingekuwa suala la majina tu, tungeliacha lipite. Shida ni kwamba watu waliotiwa kapu moja huandikiwa dawa moja: semina ya siku tatu kwenye ukumbi wa kata, cheti, kisha mkopo. Biashara ikifa, msako wa mchawi unaanza. Wapo wanaosema elimu yetu ni ya kukariri, mtu anamaliza shule hajui kutenganisha mtaji na faida. Wapo wanaoushika utamaduni: ndugu wengi, misiba mingi, michango ya harusi isiyokwisha. Na wapo, sauti yao ndogo redioni lakini kubwa sokoni, wanaosema watu wana akili zao na mila zao hazina neno. Wapeni mtaji na msiwavunjie vibanda.

Hoja zote tatu zina ushahidi. Hakuna hata moja inayosimama peke yake, na ya pili, ambayo ndiyo inayopendwa zaidi vijiweni, ndiyo dhaifu kuliko inavyoonekana.

Mpaka wa biashara na jamii

Ujasiriamali wa kijamii huzungumzwa kana kwamba uliletwa na wafadhili pamoja na fulana zao. Ukiuvua mapambo, tofauti yake na ule wa kibiashara ni hii tu: ziada inakwenda kwa nani, na nani mwenye mamlaka ya kuamua. Kwa kipimo hicho pwani yetu ina mfano wa karne nyingi. Mtu mwenye shamba la minazi, au duka Mji Mkongwe, Lamu ama Mombasa, aliliweka wakfu. Mali haiuzwi wala hairithiwi. Kodi yake inatengeneza paa la msikiti, inamlisha mwalimu wa madrasa, inawasitiri maskini. Hiyo ni biashara kamili, ina wapangaji na mahesabu, ila faida yake imefungwa kwenye lengo. Ubora wa wakfu ni kudumu. Udhaifu wake unatoka hapohapo: mali isiyouzwa wala kuwekwa rehani haikui kwa urahisi, na ikipata msimamizi mzembe, nyumba inabomoka ukuta mmoja mmoja huku kila mtu akisema si yake.

Bagamoyo ya karne ya 19, Sewa Haji Paroo alitajirika kwa kuandaa misafara ya kwenda bara na kufanya biashara ya pembe za ndovu. Kabla ya kufariki mwaka 1897 alitoa mali yake kwa ajili ya shule Bagamoyo na hospitali Dar es Salaam. Jina lake bado linatajwa Muhimbili. Huyu alikuwa mfanyabiashara kwanza, mfadhili baadaye. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikwenda kinyume chake. Chama chao cha mwaka 1925 kilizaliwa wakati walowezi hawakutaka kabisa kumwona Mwafrika akilima kahawa ya arabika, na mwaka 1933 kikageuka kuwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Walianza na kujilinda kwa pamoja, faida ikafuata, na sehemu ya ziada ikaingia kwenye elimu ya watoto wao. Ukimuuliza mkulima wa Marangu wa wakati huo kama KNCU ilikuwa biashara au huduma kwa jamii, swali lenyewe lingemshangaza.

Kwa hiyo anayetafuta namna maarifa na utamaduni vinavyounda ujasiriamali asitarajie kukuta makundi mawili ya watu, wenye huruma huku na wenye uchu kule. Atakuta watu walewale, na mara nyingi fedha zilezile, zikivutwa pande mbili.

Hoja ya kwanza: elimu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga walishalimaliza hilo, na walimu wa semina hawajaongeza mengi juu yake. Hoja ya elimu inasema mfanyabiashara asiyeandika hajui bidhaa ipi inamlisha na ipi inamla, anaweka bei kwa kumtazama jirani, anakula mtaji akidhani ni faida. Serikali zetu zimeiamini hoja hii kwa muda mrefu. Elimu ya Kujitegemea ya Nyerere mwaka 1967, mfumo wa 8-4-4 wa Kenya mwaka 1985, na sasa somo la biashara katika mtaala mpya wa sekondari Tanzania, vyote vina imani moja: ujuzi ukiingia, mkono utafuata.

Imani hiyo imeshapimwa. Watafiti walichukua wateja wa mikopo midogo wa PRIDE Tanzania jijini Dar es Salaam, wakawapa baadhi yao mafunzo ya biashara kupitia kituo cha ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wengine wakaachwa bila. Waliofundishwa walielewa walichofundishwa, wake kwa waume. Lakini biashara zilizonufaika waziwazi zilikuwa za wanaume. Kwa wanawake matokeo yalikuwa hafifu. Darasa lilikuwa moja na mwalimu mmoja. Kilichotofautiana ni mtu anaporudi nyumbani anakuta nini: nani anaamua fedha itumikeje, nani anafunga genge mapema akapike, nani anaombwa ruhusa kabla ya kununua friji.

Utafiti wa Lomé, Togo, uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science, ulihusu biashara ndogo 1,500. Kundi moja lilifundishwa mambo ya kawaida: hesabu, masoko, fedha. Jingine lilifundishwa tabia ya kujituma, yaani kutafuta nafasi kabla haijakufuata, kutangulia washindani, kutokata tamaa mambo yakigoma. Kundi la pili faida yake ilipanda kwa asilimia 30. La kwanza lilipanda kwa takriban asilimia 11, kiasi ambacho watafiti wenyewe hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba hakikutokana na bahati.

Wapo wanaousoma utafiti huo wakashangilia kwamba basi tatizo ni fikra. Twende polepole. Dandora, Nairobi, wanawake wenye biashara changa waligawanywa: wengine darasani, wengine wakaunganishwa na mfanyabiashara mzoefu wa palepale mtaani awe mlezi wao. Waliokaa darasani hawakupata faida ya kuonekana. Waliopata mlezi, faida yao ilipanda kwa karibu asilimia 20. Na mlezi aliwaambia nini? Hakuwapa falsafa. Aliwaonyesha pa kununua mali kwa bei nafuu. Ni maarifa, tena ya thamani, lakini hayamo kitabuni na hayawezi kuwamo, kwa sababu msambazaji mwenye bei nzuri mwezi huu si lazima awe yuleyule mwezi ujao. Ndiyo maana ulezi ulipokoma, faida nayo ilififia.

Nguvu ya hoja ya elimu, basi, ni kwamba ujuzi unaongeza kipato pale unapokuwa ujuzi wa mahali na wakati. Udhaifu wake ni kudhani ujuzi ni kitu cha kumimina kichwani mwa mtu mmoja mmoja. Biashara ndogo haiendeshwi na kichwa kimoja. Kuna mume, kuna mama mkwe, kuna muuzaji wa jumla, kuna jirani wa meza, na kila mmoja ameshikilia kipande cha uamuzi.

Hoja ya pili: utamaduni

Hoja hii ina matoleo mawili, na mara nyingi yanachanganywa.

Toleo la kwanza ni la makabila. Wachaga na Wakinga wana damu ya biashara, Wahindi wamezaliwa na duka, sisi wengine basi tena. Linachekesha mezani lakini likiwekwa kwenye historia linapwaya. Mteremko wa Kilimanjaro ulikuwa na mifereji ya maji na vihamba vya migomba zamani; hilo ni kweli. Lakini kahawa ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, reli ikafika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, shule za misheni zikaenea mapema, na kihamba kikagawanywa kwa watoto mpaka hakikutosha. Kijana aliyesoma, mwenye baba aliyeshika fedha taslimu, asiye na ardhi ya kurithi, atakwenda mjini kufungua duka hata awe wa kabila gani. Wakinga walitoka kwenye milima ya Makete yenye baridi, mbali na masoko makubwa. Kukaa huko hakukuwa na tija, kwa hiyo wakatoka. Na duka la Mhindi wa bara halikuota. Allidina Visram alikuja kijana mdogo kutoka Kutch katika miaka ya 1860, akafanya kazi kwa wenzake waliotangulia, akapewa mali kwa mkopo, akajifunza njia, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 alikuwa na maduka kuifuata reli ya Uganda. Alikuwa na watu wa kumwamini hadi Bombay. Hiyo si damu, ni mtandao wa mikopo na habari uliofungwa kwa dini na ndoa.

Toleo la pili ni zito zaidi, nalo ni la undugu. Msomi wa siasa Göran Hydén, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1980 kitabu kuhusu Ujamaa kilichosema kwamba wakulima wetu wanaishi katika uchumi wa mafungamano ya damu, ujirani na dini, uchumi unaowawezesha kuikwepa serikali na soko kwa pamoja. Wapo waliompinga vikali. Lakini mtu yeyote mwenye duka mtaani anajua anachosema. Fungua genge, wiki ya pili anafika binamu kuomba sukari kwa ahadi ya mwisho wa mwezi. Ukimnyima, umejiona. Ukimpa, mtaji umeondoka na sukari.

Watafiti Pamela Jakiela na Owen Ozier walilipima jambo hili vijijini magharibi mwa Kenya. Waliwapa watu fedha za kuwekeza katika mchezo wenye faida na hasara halisi, baadhi yao mbele ya wenzao, baadhi kwa siri. Wanawake walikubali kupata faida ndogo ili mradi wasionekane wamepata, na waliofanya hivyo zaidi ni wale ambao ndugu zao walikuwapo ukumbini. Mtu anapunguza kipato chake kwa makusudi ili kisijulikane. Utamwona katika maisha ya kawaida pia: anajenga nyumba tofali moja moja kwa sababu tofali haliombwi, ananunua mbuzi, anapeleka fedha kwenye mchezo wa upatu kwa kijumbe ili akiombwa aseme kwa ukweli kabisa kwamba hana.

Je, basi undugu ni kodi inayoua biashara? Ni kodi, ndiyo. Lakini kodi hununua kitu. Katika nchi ambako watu wengi hawana bima ya afya wala pensheni, yule binamu wa sukari ndiye atakayekesha hospitali, ndiye atakayechangia jeneza, na ndiye aliyetoa nauli ya kwanza ya kuja mjini. Anayemshauri mfanyabiashara mdogo awakate ndugu anamshauri afute bima yake pekee bila kumpa nyingine. Watu si wajinga. Wamepiga hesabu hiyo kabla ya mshauri kufika.

Utamaduni uliotungwa na sheria

Kuna sababu nyingine ya kuikataa hoja ya utamaduni kama inavyosemwa kwa kawaida, na hapa Tanzania na Kenya zinatupa mlinganisho adimu. Mpaka uliwapasua Wamasai, Wakuria na watu wa pwani katikati. Lugha moja, mila moja, mahari ileile. Tofauti ikaja kwenye ofisi za serikali.

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka miiko: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Miaka minne baadaye, mwaka 1971, Kenya ikapokea ripoti ya Ndegwa iliyoridhia watumishi wa umma wafanye biashara. Tanzania ikaendelea: mwaka 1976 Operesheni Maduka ikafunga maduka ya watu binafsi vijijini, na mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwemo, vikafutwa. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na operesheni ya Nguvu Kazi iliyowasomba wachuuzi mitaani kuwapeleka mashambani. Mtu aliyenunua bei ya chini na kuuza bei ya juu aliitwa mlanguzi, na jina hilo lilikuwa aibu kwa mtoto wake shuleni. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini mkulima aliyeshuhudia chama alichokijenga babu yake kikifutwa kwa amri hakurudi na imani ileile. Miiko yenyewe ililegezwa kwa Azimio la Zanzibar la mwaka 1991.

Sasa mtu akisema Watanzania wana utamaduni wa kuonea haya biashara, aulize umri wa utamaduni huo. Mababu wa watu haohao waliendesha misafara ya Wanyamwezi hadi pwani. Haya yao ina miaka ya kuzaliwa na ina sahihi za walioitunga.

Lakini tusiigeuze Kenya kuwa pepo. Ruhusa ya Ndegwa iliwatoa watumishi waliojua biashara, na ikawatoa pia maofisa waliojipa zabuni wenyewe. Suala la mgongano wa maslahi halijaisha hadi leo. Miiko ya Arusha ilidumaza biashara na, kwa kiasi fulani, ilizuia watawala kugeuka wafanyabiashara wa nchi nzima. Kila serikali ilinunua kitu na kulipia kingine. Mlinganisho wenyewe nao una kasoro: Kenya ilirithi uchumi wa walowezi na viwanda vya Nairobi, na mtu hawezi kuipa sera sifa yote.

Pale mteja alipomfundisha mtaalamu

Mifano iliyofanikiwa sana Afrika Mashariki haikupatikana kwa kuondoa utamaduni ili maarifa yaingie. Mara nyingi ni maarifa ya watumiaji yaliyomrekebisha mtaalamu.

M-Pesa ilijaribiwa mwaka 2005 kwa fedha za msaada wa Uingereza, ikiwa chombo cha kulipia marejesho ya mikopo midogo ya taasisi ya Faulu huko Thika na Nairobi. Watu waliopewa simu hizo walianza kuzitumia kutumiana fedha: mtu wa mjini kwa mzazi kijijini, mfanyabiashara kwa mwenzake. Safaricom ilipozindua huduma Machi 2007, mikopo ilikuwa imewekwa kando na tangazo likawa la kutuma pesa nyumbani. Ule undugu unaolaumiwa kwa kula mitaji ndio uliozaa huduma ya fedha iliyojulikana dunia nzima. Hakuna mhandisi aliyeubuni wajibu wa kumtumia mama.

Jiko la kauri la Kenya lina kisa kinachofanana nacho. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazo lilichukuliwa kutoka Thailand, ambako jiko la ndoo lina udongo wa kuchoma ndani ya bati. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, walilibadili: bati lenye kiuno chembamba, udongo sehemu ya juu tu, hivyo jiko likawa jepesi na la bei ya kubebeka. Ugali husongwa kwa nguvu za mabega. Jiko lisilosimama imara halina nafasi jikoni hata likihifadhi mkaa kiasi gani. Halikuwa na hataza, kila fundi alinakili. Bei ikashuka, majiko yakavuka mpaka hadi Tanzania na Uganda. Na feki zikaja pamoja nayo: udongo usioiva vizuri unaopasuka baada ya wiki chache, mteja akilaumu jiko lote. Ulinzi wa ubora ungepandisha bei na kuwaacha maskini nje. Soko huria liliwafikia maskini na likawauzia mbovu pia. Sioni njia ya tatu ambayo ingekuwa safi.

Mwani wa Zanzibar unafundisha zaidi, kwa sababu unaonyesha mila ikifungua mlango na kufunga mwingine. Kilimo cha kibiashara kilianza mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, na vijiji vya Paje na Jambiani vikawa mstari wa mbele. Wanawake ndio waliojaa. Haikuwa bahati: tayari walikuwa wakishuka pwani maji yakitoka, wakifukia makumbi ya nazi kwa ajili ya kamba na kutafuta pweza. Kuwapo kwao baharini wakati wa bamvua hakukuhitaji ruhusa mpya. Kigingi, kamba, taitai za kufungia miche, kazi ya mgongo uliopinda kwa saa nyingi, fedha mkononi bila kupitia kwa mume. Mlango ulikuwa wazi.

Kisha aina yenye bei nzuri, kotoni, ikaanza kufa maji ya pwani yalipozidi joto. Dawa ya kitaalamu ilijulikana: peleka mwani kina kirefu. Kina kirefu kinataka chombo na mtu anayejua kuogelea, na wanawake wengi wa vijiji hivyo hawakulelewa kuogelea. Hapa ndipo utamaduni unapouma kweli, na hapa ndipo maarifa yenye heshima yanapofanya kazi. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Flower Msuya akiwa kinara wao, walifanya kazi na wakulima kwenye mbinu za nyavu za mirija, na wanawake wakafundishwa kuogelea. Wengine wakabaki nchi kavu: wakakausha mwani, wakausaga unga, wakachanganya na mafuta ya nazi na karafuu wakapata sabuni. Kipande cha sabuni kinamletea mkulima fedha nyingi kuliko mwani mkavu wa uzito uleule. Lakini sabuni hutegemea sana mtalii, na mnunuzi mkubwa wa mwani mkavu bado ndiye anayepanga bei. Elimu imewapa ngazi ya juu. Haijawapa nguvu ya kujadiliana.

Kuna maarifa mengine ambayo hayana mtafiti wala mfadhili. Kariakoo, muuzaji wa jumla humpa machinga mzigo asubuhi kwa mali kauli: hakuna mkataba, hakuna riba, jioni analeta fedha au analeta mzigo. Anampa nani? Anayemjua, au aliyeletwa na anayemjua. Akipotea na mzigo, hatapotea na Kariakoo nzima. Jina litatangulia kila duka. Mfumo huu unakopesha watu ambao hakuna benki ingewapa fomu. Pia unamfungia nje mgeni asiye na mtu wa kumtaja, hasa msichana aliyefika jana, na unamfunga machinga kwa tajiri mmoja ambaye ndiye mwenye bei.

Kuzipima

Hoja ya tatu, ya mtaji na sera, imepita katikati ya yote haya. Haina haja ya kurefushwa. Ni kweli kwamba kijana mwenye ujuzi na ndugu wema hafiki mbali kama kibanda chake kinavunjwa kila akikijenga. Ila mtaji peke yake nao hujitokeza kuwa dhaifu, kwa sababu unaingia kwenye familia na mtaa uleule. Mtaa wenyewe umeshamwona mtu aliyechukua mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu, analipa kwa kukopa kwingine, na biashara iliyokusudiwa haikuwahi kufunguliwa.

Nikiziweka pamoja, uzito naupeleka hapa: utamaduni si sababu iliyosimama pembeni ya sheria na elimu. Ni njia ambayo hivyo viwili hupitia, na huenda ukabadilika katika kizazi kimoja ukichokozwa na sheria mbaya au nzuri. Maarifa yanayofaa ni yale yanayosafiri ndani ya njia hiyo, kwa mlezi wa mtaani, kwa kikundi, kwa fundi mwenzako. Msimamo huu una gharama. Maarifa ya ndani ya mtandao hubaki ndani ya mtandao. Asiye na mtu hapati. Darasa la serikali, pamoja na ubovu wake wote, humpokea hata asiyejulikana. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaotaka semina zifutwe. Zipunguzwe, na fedha zake zilipe walezi wa sokoni ambao watalazimika kupokea wageni.

Kikundi ndipo mambo yote matatu hukutana. VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, huwa na sanduku lenye kufuli tatu, na kila ufunguo uko kwa mtu wake. Kila wiki hisa zinanunuliwa mbele ya wote, faini ya kuchelewa inalipwa papo hapo, mfuko wa jamii unatengwa kwa ugonjwa na msiba, na mkopo kwa kawaida hauzidi mara tatu ya hisa za mtu. Angalia kinachotokea: binamu wa sukari amepewa dirisha lake, mfuko wa jamii, na mtaji ukafungwa kufuli tatu. Mila haikupigwa vita, imepangiwa bajeti. Udhaifu ni kwamba mwisho wa mzunguko kikundi huvunja sanduku na kugawana, kwa hiyo mtaji hauzeeki ukakomaa, na mwanachama anayekua kuliko wenzake hana mkopo wa kumtosha. Wengine wana tatizo la riba, hasa Zanzibar na pwani. Amana Bank, benki isiyotoza riba, ilipofunguliwa mwaka 2011 ilikuja kujaza pengo ambalo mafunzo yoyote ya ujasiriamali yasingelijaza.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi hivi daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Kuna faida: kikundi chenye usajili kinaweza kushtaki mwenye kukimbia na sanduku. Kuna hatari pia, kwamba ofisa atakijali kikundi chenye karatasi kamili kuliko chenye uaminifu kamili. Hatari hiyo tumekwisha kuiona kwenye mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo ilibidi isimamishwe mwaka 2023 ili utaratibu wake upangwe upya. Mkopo ulitaka kikundi, na watu wakaunda kikundi. Watu wasiowahi kuchangishana hata nauli wakajaza fomu pamoja, wakagawana fedha siku zilipotoka, na kila mmoja akashika njia yake; undugu wa karatasi haukuweza kumdai yeyote. Fomu ya maombi inaweza kuongezwa sehemu moja isiyo na gharama: daftari la kikundi la miezi kumi na miwili iliyopita, lionyeshe nani alichangia, nani alichelewa, nani alipigwa faini na akailipa.